Koili ya Mizunguko Kumi

Nilianza na redio ya baba iliyokufa, mimi mwenyewe nikiwa nimeishia darasa la nne. Kufikia miaka ile ya soko huria, bidhaa za Dubai zilipoanza kujazana madukani, Tukuyu nzima ilijua kwamba redio iliyonishinda mimi ni ya kuzikwa shambani. Sikuwa na vyombo vya kupimia. Nilikuwa na sikio. Spika ikiguna, nilijua kapasita ipi imechoka kabla sijafungua kifuniko. Sijisifu, waulizeni.

Kwaya moja ya Isongole ikaniomba niwaundie amplifaya ya honi mbili, za kutundikwa kwenye mikaratusi mbali na jengo, ili bonde zima lisikie siku ya kuzindua kanisa. Wazee wa kanisa walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka ya dukani, wengine walisema tunaye mtu wetu. Nilijua hiyo ikifaulu, makanisa mengine yatanijia. Ikinishinda, nitabaki fundi wa kubadilisha betri.

Wiki hiyo akaja mdogo wangu, injinia, niliyemsomesha kwa mikono hii. Alibeba kompyuta ya kukunja ya kazini kwake. Akaomba mchoro wangu, nilioupiga kwenye karatasi ya daftari, akauingiza wote mle ndani, transista kwa transista.

"Hapa tunaijaribu bila kuiunguza," akasema.

Mwenyekiti wa kwaya na wenzake wawili, waliokuwa mlangoni wakikwepa mvua, wakasogea kutazama. Kwanza mstari kwenye kioo ulipanda ukanyooka. Kisha mdogo wangu akaniuliza waya wa kwenda kwenye honi una urefu gani. Nikamwambia unafika mikaratusini. Akauongeza kwenye mchoro, na mstari ukaanza kutetemeka, wala haukuacha.

"Kaka, haijatulia."

Mbele ya wateja wangu. Nikaiwasha mashine yenyewe pale mezani, nikafungulia sauti mpaka mwisho bila kuweka kanda. Spika kimya, hata kuguna hakuna.

"Mwenyekiti, unasikia kitu?"

"Sisikii, fundi."

"Basi imetulia."

Mdogo wangu akasema taratibu, "Kutulia siyo kimya, kaka. Ukiifungia ule waya mrefu itatetemeka juu kuliko sikio linapofika, itajipika yenyewe. Tuweke koili ndogo pale sauti inapotokea. Mizunguko kumi tu."

"Sikio la nani halifiki? Hilo lako lililolala darasani?" nikamwambia. "Au tuite mbwa waje kuipima."

Wanakwaya wakacheka. Yeye akaikunja kompyuta yake. Nilifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo inayoniwasha mpaka leo.

Siku ya uzinduzi wimbo wa kwanza ulijaa bondeni, watu wakageuka kunitazama. Wa pili ukaanza kukwaruza. Nikaweka kiganja kwenye bati la kupoozea, nikakitoa upesi. Hapakuwa na mluzi wala mguno, palikuwa na joto tu. Kisha harufu ya transista kuungua, na honi zikanyamaza kwaya ikiwa katikati ya kiitikio. Nikamtafuta mdogo wangu kwa macho. Alisimama nyuma, akitazama viatu vyake. Angenicheka ningepona.

Mwenyekiti akaja kunishika mkono. "Ndaga fijo, fundi," akanishukuru, kwa upole ule wa mtu ambaye hatakuita tena. Jumapili iliyofuata waliimba kwa mashine ya dukani.

Mimi nikarudishiwa yangu. Mdogo wangu alikwishaondoka, ameniachia karatasi yenye mchoro wa ile koili. Nikabadilisha transista, nikasokota mizunguko kumi kwenye penseli, nikavuta waya kutoka karakana hadi mwisho wa migomba. Nikaipigisha kutwa nzima, bati halikunichoma. Hakuna fundi mwingine Rungwe hii ambaye angeisokota koili vizuri vile. Hakuna aliyekuja kuisikia, na makanisa yote yalinunua dukani.

Sasa iko juu ya kabati. Plagi yake niliikata zamani, nikaifunga kwenye pasi ya mke wangu.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar. Akauliza, "Ile mashine, kaka, vipi?"

"Imetulia," nikamjibu.

Nadhani alingoja niongeze neno. Neno lenyewe nilikuwa nalo. Nikamuuliza kama huko kwao mvua imenyesha.