Viatu Vyetu Vilivyobaki Polokwane

Mnisamehe mwandiko na makosa. Niliishia darasa la saba, naandika polepole.

Mjomba aliazima gari lenye vitanda na jiko, tukatoka Jeppestown kwenda Musina, karibu na mpaka wa Zimbabwe, kuonana na wakwe wa dada yangu kwa mara ya kwanza. Nilidhamiria wanione nina adabu. Tuliposimama Polokwane, mjomba na mkewe walilala kidogo. Nikafagia zulia, nikapanga viatu vyetu vyote nje ya mlango, kama nyumbani. Mjomba huendesha peku. Akaamka, akawasha gari.

Nilikumbuka viatu tulipofika getini kwa wakwe. Nikajikaza, nikashuka wa kwanza. "Shikamoo, mama."

Mama mkwe akatazama miguu yetu sita. "Marahaba. Jamani, mmeporwa njiani?"

Mjomba akanigeukia. "Viatu viko wapi?"

"Polokwane, mjomba. Nimevipanga vizuri."

Aliyewahi kuaibika hivi aniandikie, nami nitamjibu.