Nilivyoshuka na baba kwa baiskeli kutoka Marangu hadi baharini

Wakuu, habari za mchana. Niko dukani hapa Kariakoo, mvua imewafukuza wateja wote, nikaona leo niwasimulie jambo lililonikuta mimi na baba yangu mzazi.

Sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, kulia mimi nilishalia.

Mzee wangu anauza baiskeli na spea zake. Mtaani wanamuita Mangi tu, kama Wachaga wengi wenye maduka. Kazi hiyo ameianza sijazaliwa. Ila kuendesha? Labda kuzunguka duka mara moja akimjaribishia mteja breki.

Miaka michache iliyopita macho yakaanza kumsumbua. Anajigonga kwenye milango, anamwaga chai. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Vitu vya pembeni alikuwa haoni tena, na hata vya mbele wakasema ajiandae, dawa zitachelewesha tu.

Zikapita siku kadhaa. Halafu mzee akatuita mezani, mimi na mama.

"Desemba hii tukienda nyumbani Marangu, mimi nitarudi kwa baiskeli."

Mama akaweka kijiko chini. "Baba Anna, umechanganyikiwa? Mtu huoni!"

"Bado naona. Ndiyo maana nataka kwenda sasa."

Akatueleza. Ile barabara ya Moshi amepita kila mwaka na haijui, maana akishakaa kwenye siti tu analala. Himo analala, anaamshwa Dar.

Mama alimwangalia weee, halafu akanigeukia mimi. "Basi mtaenda wote."

Wakuu, mimi ni mwanamke, mwili upo wa kutosha, na baiskeli mara ya mwisho nilipanda nikiwa sekondari. Nilifanya mazoezi asubuhi asubuhi kule Magomeni tunakoishi, watoto wananizomea. Acha tu.

Krismasi ikapita, tukaondoka Marangu asubuhi, ukungu bado uko migombani. Shangazi katufungia ndizi za kuchoma.

Ule mteremko hadi Himo sitausahau. Hukanyagi pedali hata kidogo. Baridi inakukata masikio, na nyuma yangu namsikia baba anacheka. Anacheka kwa sauti, mzee mzima! Nyumbani sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Baada ya Himo raha ikaisha. Joto, upepo wa usoni, Milima ya Upare iko kushoto haiishi. Makalio yanawaka moto. Tulikuwa tunaendesha asubuhi, jua likikolea tunajibanza kwa mama ntilie, jioni tunatafuta gesti. Mimi mbele na fulana ya njano, yeye nyuma anafuata ile fulana.

(Kwa wanaotaka kuiga: barabara kuu si mchezo, malori hayana huruma. Mtu mwenye shida ya macho asijaribu kabisa. Tulikuwa na bahati.)

Tumeshapita Mombo, basi likatupigia honi kwa nyuma. Nikajitoa pembeni. Kugeuka, baba hayupo.

Nilitupa baiskeli nikakimbia. Nikamkuta ndani ya mtaro, kiwiko kinachuruzika damu, baiskeli iko juu yake. Hajavunjika mfupa. Nikamwondolea baiskeli.

"Baba, imetosha. Nasimamisha basi."

Nikamfunga kiwiko kwa kitenge. Akawa ameelekeza uso kule ng'ambo ya mtaro.

"Hapo kuna nini?" akauliza.

"Mkonge, baba. Shamba la mkonge."

"Kubwa?"

"Linaenda hadi chini ya milima. Mingine imetoa yale maua yake marefu, imesimama kama nguzo za umeme."

"Mimi tangu asubuhi nimeona lami na fulana yako, Anna. Basi wewe kaa nyuma yangu. Uwe unaniambia."

Nilitaka kukataa. Lakini jinsi alivyosema "uwe unaniambia", ile sauti ya mtu anayeomba, baba yangu ambaye hajawahi kuniomba hata maji, nikashindwa.

Kuanzia pale nikawa nyuma. "Kushoto kidogo baba. Lori hilo, tusimame. Kuna mama kabeba machungwa. Mto huo, maji ni ya udongo."

Na yeye akaanza kujibu kwa stori.

Wakuu, mimi baba niliyekuwa namjua alitoka tumelala na kurudi tumelala. Njiani nikaambiwa alivyofika Bongo akawa analala juu ya maboksi dukani kwa mjomba wake. Nikaambiwa mama alikuja siku moja na baiskeli yenye pancha, baba akamchelewesha makusudi hadi jioni ili asiondoke. Mama hajui hadi leo! (Kama yumo humu, shikamoo mama.)

Msata tukakata kushoto, tukaiacha barabara kuu. Bagamoyo tukasikia harufu ya bahari kabla hatujaiona. Baba akaikokota baiskeli mchangani hadi tairi la mbele likaingia majini. Viatu vikalowa, hakujali.

Aliangalia maji, halafu akageuka akaniangalia mimi. Muda mrefu, hadi nikaona aibu.

"Umefanana na mama yangu," akasema. "Sikuwahi kugundua."

Nilijifanya naosha uso kwa maji ya chumvi.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Sasa hivi mzee haoni kabisa. Anakuja dukani, anakaa kwenye stuli, anakagua rimu kwa vidole, na wateja anawasimulia mkonge wa Mombo mpaka wanasahau walichofuata.

Nilichojifunza: wazazi wetu wengi tumewajua kwa kazi zao tu. Mtafutie mzee wako safari ya taratibu, hata ya kwenda Kigamboni, umuulize mambo, naye akuulize.

Karibuni mtoe maoni. Na mwenye kumjua fundi anayeweza kuunganisha baiskeli mbili ziwe moja ya watu wawili, aniambie hapa hapa. Mzee ameanza kuniuliza barabara ya Lindi ikoje.