Kiazi cha Mzee wa Pini

Juzi yule mzee wa pini, Mskoti, alifika kwangu, picha yake ikiwa kwenye jalada la kitabu cha uchumi cha mjukuu wangu.

Mchana mmoja wa siku za ujamaa, nikiwa mtoto kule Mpepai, baba alilaza nyasi miraba miraba na mama akazifukia kwa udongo mbichi uliokuwa ukinukia, wakitengeneza ngolo, yale mashimo yetu yenye matuta ya kupandia maharage. Mwalimu wangu, mgeni kutoka Tanga, alisimama kuwatazama.

"Mama, kuna mzee wa Ulaya aliandika kwamba watu wakigawana kazi hivi, hata pini hutoka nyingi."

"Huyo lazima amelima na mkewe," mama alijibu.

Nilidhani mzee huyo yuko njiani kuja kwetu, nikamfichia kiazi chini ya udongo. Kumbe alikufa zamani, wala hakuwahi kuoa. Jioni mama alikikuta kile kiazi, nikamwambia ni cha yule mzee, akakifunika tena.

"Mwache," alisema, "wageni huchelewa."