Beldina na Kufuli ya Kyule

Beldina hakuwa mgonjwa, alikuwa na hasira. Lakini kwa kiwanda cha mifuko alikofanya kazi, karibu na mtaa wa Mukuru kwa Reuben, mama akishikwa na kutetemeka na pumzi ikikatika kwa mashine, huyo ni mgonjwa. Msimamizi wao, Kyule, alimwambia, "Mathe, enda kwa kaunsela. Ukinitetemekea tena hapa, usirudi."

Akaenda mtaa wa Jericho kwa kaunsela anaitwa Nyawira, msichana mpole wa kuvaa raba. Beldina alingoja dawa, hakupewa. Alingoja maombi, wapi! Aliulizwa tu: pumzi ikikatika, nini kinapita kwa kichwa?

"Kwamba tutachomeka humo ndani kama mahindi."

"Hiyo ni fikira, mama. Fikira tunaihoji kama mshukiwa. Ushahidi uko wapi?"

Akapewa kazi ya nyumbani: apumue polepole, na akiwa kazini aangalie kama hatari iko kweli, kisha alete majibu.

Jioni anapumua hapo kwa ploti anakoishi, jirani yake Nekesa akamchokoza: "Mama Obonyo, unapuliza jiko gani na makaa hauna?"

"Napuliza Kyule!"

Asubuhi akaangalia. Wakishaingia wote, Kyule anafunga mlango na kufuli, kwa nje, eti wasiibe mifuko. Halafu anaenda chai na funguo. Miaka yote ni hivyo. Beldina hata hakuwa amemtajia Nyawira. Nani huenda kwa kaunsela kuongea mambo ya mlango?

Akarudi Jericho amefura.

"Ushahidi ni kufuli."

"Mnafungiwa kwa nje?"

"Na kuna mlango mmoja tu!"

"Mama," Nyawira akasema, "kuna fikira hutudanganya, na hizo tunazirekebisha. Hii yako ni nzima. Mgonjwa hapa ni huo mlango. Sasa niambie, tuufanye nini?"

Wakapanga pamoja, hata maneno ya kumwambia Kyule wakayafanyia mazoezi.

Kesho yake Beldina alifika, akatoa kufuli pale ilikuwa inaning'inia wazi mlangoni, akaitia kwa mfuko wa aproni, akaketi kwa mashine. Maneno ya mazoezi yote yakapotea. Mikono ilitetemeka vibaya. Wenzake wakaacha kazi, wakamwangalia.

"Mathe, lete hiyo kufuli!" Kyule akafoka. "Si ulitumwa ukatibiwe?"

"Nimetibiwa!"

"Basi leo ni siku yako ya mwisho hapa!"

"Sawa," Beldina akasema, akiwasha mashine. "Angalau leo nitaona pa kutokea."