Magitaa Mawili Juu ya Benchi la Seremala

Saa nne asubuhi, Jumamosi, katika karakana ya Sirili Tesha hapa Majengo, randa haisikiki. Juu ya benchi, mahali ambapo kwa kawaida hulala mbao za vitanda, yamelala magitaa mawili ya umeme, moja jekundu na jingine jeusi. Yote yametumika.

Sirili analinyanyua jekundu, analielekeza mlangoni kwenye mwanga, anafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kutoka mwisho hadi mwanzo. Ndivyo anavyotazama ubao kabla ya kuununua.

"Limenyooka," anasema.

Anachukua jeusi na kufanya vilevile. Safari hii anachelewa.

"Hili limewahi kuanguka."

"Nani hajawahi kuanguka?" anauliza Lukresia, mfanyabiashara wa Tarakea, aliyeketi kwenye stuli ambayo bado haijapakwa vanishi. Yeye ndiye mwenye gitaa jeusi. Alilipata kwa mtu wa Kenya, pamoja na marobota mawili ya mitumba.

Mwenye jekundu ni mzee Mansukhlal, muuza redio wa mjini, ambaye naye amekuja mwenyewe. "Sikulileta," anasema, "nimelisindikiza. Huyu fundi amekwisha kuja dukani kwangu mara sita kulitazama. Hata mke wangu sikumchunguza hivyo."

Sirili anacheka bila kuinua kichwa. Ana miaka thelathini na minane, amezaliwa Uru katika shamba la kahawa na migomba, na gitaa alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio. Kwa miaka sita amepiga solo katika Migombani Jazi, bendi ya watu watano wenye kazi nyingine za kuwalisha. Gitaa lenyewe lilikuwa la kuazima. Mwezi Septemba mwenye gitaa alihamia Mwanza, akaondoka nalo.

Tangu hapo bendi haijapanda mlimani. Nayo Desemba ndiyo mwezi wake, kwa kuwa Wachagga wa kila mji hurudi nyumbani kula Krismasi, na harusi zilizosubiri Majilio, majuma manne ya kuingojea sikukuu hiyo, yapite hufungwa kuanzia siku inayofuata. Tarehe ishirini na sita kuna harusi Kirua. Wenye shughuli wamesema wazi: kama hakuna gitaa la solo, watakodi disko la kaseti kutoka mjini.

"Disko halichoki na halili," anasema Gidioni, mpiga ngoma wa bendi, ambaye siku za wiki ni fundi wa baiskeli. "Likiingia Kirua mwaka huu, mwaka kesho sisi hatuitwi tena."

Sirili amekuwa akiweka akiba ya gitaa kwa miezi kumi na minne. Kitanda kimoja cha futi tano kwa sita humwachia kama shilingi elfu saba baada ya mbao na vanishi. Leo ana elfu tisini. Jekundu ni elfu tisini na tano, jeusi ni elfu themanini.

Gidioni hana haja ya kufikiri. Anataka jekundu. "Watu wa harusi wanasikiliza kwa macho, kaka. Ukisimama na hilo jeusi lenye kovu, watadhani tumekuja kuomba kazi ya kuosha sufuria."

Sirili analirudisha jeusi benchini. Anamwomba awashe jenereta.

Mzee Mansukhlal anashangaa. Umeme upo, swichi iko ukutani, jenereta ya nini? Sirili anamweleza kwa upole kwamba kule wanakopigia muziki nguzo za umeme hazijafika, na gitaa atakalonunua litafanya kazi na jenereta maisha yake yote. "Mzee, mchumba wa mlimani unamtazama akiwa mlimani."

Jenereta inanguruma nje. Gitaa jekundu linaunganishwa na amplifaya, na kabla Sirili hajagusa uzi, linaanza kuvuma kama mashine ya kukoboa mahindi. Anazungusha kitufe cha sauti. Sauti inakatika, inarudi, inakatika.

"Dukani halikufanya hivi," anasema mzee Mansukhlal, uso umemshuka.

"Najua, mzee. Nililisikia."

Kisha jeusi. Mvumo ni mdogo, wa kuvumilika. Sirili anapiga noti chache za taratibu, halafu anaingia katika wimbo wa kusindikiza maharusi, na mama muuza ndizi aliyekuwa akipita anasimama mlangoni na beseni lake kichwani. Lakini nyuzi ziko juu mno, na karibu na kichwa cha gitaa kuna ufa ulioungwa ovyo. Kila akizikaza, ufa unaachama kidogo.

Uamuzi wenyewe unapatikana kwa msumari. Sirili anaukwaruza ufa kwa ncha yake, anatoa chembe ya gundi iliyokauka, anaisugua kati ya vidole, anaitia ulimini.

"Aliyeliunga alitumia gundi yetu ya mbao," anasema. "Ingekuwa ile ya mirija miwili ya kuchanganya, nisingeligusa. Hii ukiifukiza mvuke inaachia. Jekundu linaumwa nyaya, na nyaya sizijui. Hili linaumwa mti."

"Na likivunjika mkononi mwako?" anauliza Lukresia.

"Litakuwa langu, mama. Nitakuwa nimekwisha kukulipa."

Lukresia anamtazama, kisha anapunguza elfu tano bila kuombwa. "Ya gundi," anasema. Sirili anamshukuru kwa Kichagga: "Aika, mae."

Siku nne baadaye, Jumatano, mwandishi wa makala haya anarudi karakanani. Sirili anasimulia alivyoufukiza ufa kwa mvuke wa birika hadi ukaachia, kichwa chote cha gitaa kikabaki mkononi. "Hapo nilikaa chini kidogo," anasema. Aliufuta, akaupaka gundi mpya, akapitisha vijiti viwili vya mbao ya mringaringa ndani ya mti, akaufunga kwa vibanio kwa siku tatu.

Sasa anatia nyuzi, mmoja mmoja, kuanzia mnene. Gidioni amekuja kushuhudia na amesimama mbali kidogo, mikono mfukoni. Uzi wa sita unakazwa. Sirili anatega sikio kwenye shingo, si kwenye sauti. Mti umenyamaza.

"Waambie Kirua tunakuja," anasema.

Gidioni ameanza safari ya Kirua kabla hajamaliza kucheka. Kabla ya kutoka ameligeuza gitaa na kulitazama kovu, ambalo sasa ni mstari mwembamba kama unywele, na amekiri kwamba sufuria za watu zitaoshwa na wengine.

Gitaa jekundu nalo halijauzwa. Mzee Mansukhlal amelirudisha dukani na kukataa wateja wawili, kwa sababu, anasema, hawezi kumuuzia mtu gitaa gonjwa akijua kuwa ni gonjwa. Ameafikiana na Sirili: baada ya Mwaka Mpya, jioni mbili kila wiki, atamfundisha kuchomelea nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Somo litakuwa gitaa hilohilo. Sirili akiliponya, atalichukua kwa elfu hamsini, akilipa kidogokidogo.

Bendi haijawahi kuwa na magitaa mawili. Sirili anasema siku hiyo jekundu atampa Gidioni alichagulie mtu wa kulipiga, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipenda kwanza.

"Mimi nabaki na hili," anasema, na kulipangusa vumbi la msumeno. "Hili tumekwisha kujuana ndani."