Mkate wa Mayai wa Mama Mdogo Zaituni

Harufu ya yai na mkate kwenye mafuta ya moto hunipata kila asubuhi, maana ndiyo kazi yangu. Napika kifungua kinywa kwenye loji moja hapa Mikumi, na wageni wakirudi kutoka kutazama wanyama huwa na njaa ya kweli. Wengi hutaka mkate wa kuchovya kwenye mayai, na sijapata kuona wawili wanaoutaka sawa. Wamarekani huumwagia asali mpaka sahani inanata. Mwingereza mmoja mzee aliutaka na tomato sosi, nikadhani ananitania. Wahindi wa Dar huniambia nisisahau pilipili mbichi, kitunguu na kotimiri. Mfaransa akanieleza kwamba kwao hutengenezwa kwa mkate uliokauka ambao ungetupwa. Kila mmoja ana uhakika kwamba wa kwao ndio wenyewe, nami huitikia tu na kugeuza mwiko. Siwaambii kwamba niliujua mkate huo nikiwa na miaka kumi, Kimamba, wala siwaambii nilimpikia nani.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, kwa sababu mama alikuwa Dar akifanya kazi za ndani. Mwaka huo mama mdogo Zaituni alirudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi kwetu. Mumewe alibaki Kilangali, kibarua kwenye mashamba ya mbegu. Nilimpenda mama mdogo kupita kiasi. Alinisuka nywele bila kunivuta, na alicheka mpaka akashika ukuta. Ila safari hii alirudi amepauka viganja, akipanda ngazi mbili za barazani anakaa chini kupumua.

Nesi wa kliniki alimwambia damu yake imepungua, ale mboga za majani, maziwa na mayai. Bibi alikubali mboga. Maziwa alisema atafikiria. Mayai alikataa katakata, maana mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa kipara, tena hunenepa tumboni akashindwa kutoka. Hakuyasema kwa ubaya. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, naye alizaa saba bila kuonja yai. Kuku walijaa uani na mayai yao tuliyauza stesheni, huku mama mdogo akila mchicha na kupauka.

Jirani yetu alikuwa Mama Masanja, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao. Bibi hakumpenda, maana ng'ombe wale waliwahi kuingia kwenye mahindi yetu. Mimi nilikwenda kwake kila nilipopata upenyo. Siku moja nilimkuta akichovya mkate kwenye maziwa na mayai, chumvi kidogo, kisha anaukaanga kwa samli. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kunipa kipande. Sikuwahi kula kitu kama kile. Kwetu mkate ulikuwa wa kuchovya kwenye chai, basi. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba yai lilikuwa halionekani. Lilikuwa limenywewa lote ndani ya mkate.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu mbaya, au nzuri, mpaka leo sijui niiite vipi. Nikawa naiba yai bandani, napeleka kwa Mama Masanja, ananisimamia nipike, kisha nampelekea mama mdogo mkate umefunikwa kwa kitambaa. Bibi alinusa samli akanuna, ila hakukataza. Mama mdogo aliniuliza mara moja tu.

"Kuna yai humu?"

"Maziwa tu, mama mdogo."

Akanitazama, akala, akalamba vidole. Leo naamini alijua, maana hakuna mtu asiyeijua ladha ya yai. Nilimpikia siku sita.

Siku ya saba nilirudi kutoka shule saa tisa nikakuta uani wanawake wamejaa. Kwenye beseni kulikuwa na kanga zimelowekwa, na maji yake yalikuwa mekundu. Walikuwa wanamtoa mama mdogo ndani. Walimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele, Bibi nyuma akimshikilia, wakaelekea hospitali, Kilosa. Kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwa dereva. Hakuniona.

Kesho yake walimrudisha kwenye pikapu, yeye na mtoto wake wa kiume, na wakazikwa jioni ileile.

Msibani nilikaa karibu na wanawake mkekani. Mmoja alisema mtoto alikuwa mkubwa mno. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa akila mayai. Bibi akasema katika nyumba yake mayai hayaliwi na mjamzito. Niliposikia hivyo nilikimbia nyuma ya choo nikatapika. Usiku haukupita kabla sijamwendea Bibi na kumwambia yote, yai la kwanza mpaka la sita.

Alinifuta machozi kwa pindo la kanga yake. Kisha akasema, "Usimwambie mtu mwingine."

Sikumwambia. Sikumsalimia tena Mama Masanja, hata alipokuja kutoa pole na kibuyu cha maziwa mkononi. Mwaka uliofuata walihama na ng'ombe wao na sikuwaaga. Mama alipotaka nihamie kwake Dar nilikataa. Nilibaki na Bibi, nikimchotea maji bila kutumwa, nikimkanda miguu, nikiona hakuna mtu duniani aliyewahi kunitendea wema kama yeye. Alijua kwamba nimeua watu wawili, na alinifichia.

Miaka kumi na tano baadaye nilikwenda Kimamba na mimba ya miezi sita. Bibi alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Alinishika tumbo, akaingia ndani kwa kupapasa ukuta, akatoka na yai la kuchemsha. Alilimenya mwenyewe, taratibu, akaninyooshea.

"Kula. Usije ukaishiwa damu."

Nikamuuliza, na mama mdogo je?

"Zaituni alianza kutoka damu alfajiri, kabla hujaenda shule," akasema. "Mimi nikasema tusubiri. Alikuwa mke wa mtu, sikuweza kumpeleka Kilosa bila ruhusa ya mumewe. Tulipiga simu mpaka saa tisa, haikupatikana. Nesi wa hospitali alinifokea. Akaniambia ningemleta asubuhi wangepona wote."

Kwa hiyo alijua. Aliijua habari hiyo siku nilipomwendea nikilia, na angeweza kunituliza kwa neno moja. Hakulisema, maana mtoto alikuwa amekuja mwenyewe kuomba kubeba lawama, na yeye ilikuwa imemlemea. Miaka yote nilidhani ananifichia kosa langu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimfichia lake.

Yai nililila lote mbele yake. Hakuniomba msamaha, na sikumpa.