Uzi wa kijani wa baba

Leo nimekatazwa kugusa kitu alichoshona baba yangu.

Asubuhi nilipanda ile ndege ya bei rahisi kutoka Kigali kuja magharibi mwa nchi. Nusu saa tu, magoti kifuani, hata maji hawagawi.

Nilienda kuona uwanja wa ndege wa zamani wa huku, ule uliofungwa. Siku hizi wageni wanatembezwa pale.

Ukutani wametundika mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa, ule wa kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi.

Binti anayetembeza wageni akasema, "Huu waliuleta Wabelgiji."

Jamani.

Mfuko huo ulishonwa Biryogo, mtaa wetu kule Kigali, sebuleni kwetu, mwaka 1992. Mimi nilishika kitambaa, baba akakanyaga cherehani. Uzi wa chungwa ukamwishia katikati, na kwa vita vilivyokuwa nchini madukani hakukuwa na mwingine. Akamalizia na wa kijani, uliobaki aliposhona kanzu za sikukuu ya Idi. Aliona aibu wiki nzima.

Wakubwa wa uwanja, walioagiza mfuko, walimwahidi kwamba siku moja watampandisha ndege. Akajishonea koti la safari, akalitundika, akangoja.

Mwaka 1994 akauawa katika mauaji ya kimbari. Koti bado liko msumarini.

Nikaweka kidole kwenye mshono wa kijani. "Hii ni kazi ya baba yangu."

Binti akatazama uzi, akatazama karatasi yake.

"Muzee, hapa wameandika Wabelgiji. Tafadhali toa mkono, jasho linaharibu kitambaa."

Nikautoa.

Ninyi mngeutoa?